Wosia Haumtaji John: Je, Ni Mtoto wa Yule Mzee?

Swali: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, nimeolewa Marekani. Ukoo wa mume wangu ni wa Virginia, kaunti ya Pittsylvania. Mama mkwe ametukabidhi Biblia ya familia, na kwenye kurasa za vizazi jina la kwanza kabisa ni John, aliyezaliwa 11 Februari 1741, mkewe Elizabeth. Wazee wanasema huyo ni mtoto wa mzee John aliyefariki 1772 katika kaunti hiyo hiyo, na miti ya ukoo niliyoiona mtandaoni yote imeandika hivyo. Nimeutafuta wosia wa huyo mzee nikaupata. Unamtaja mkewe Mary na watoto watano. John hayumo. Binti yangu wa miaka 15 ameniuliza, "Mama, kwani mzazi anaweza kumsahau mwanawe kwenye wosia?" Sikuwa na jibu. Nianzie wapi?

Jibu: Marahaba, dada yangu. Mpe binti pongezi zangu, maana ameuliza swali ambalo waliochora ile miti walipaswa kujiuliza kabla hawajachora. Jibu lake ni ndiyo: Virginia ya 1772 mwana aliweza kukosekana kwenye wosia wa baba yake, na mara nyingi baba hakuwa amemsahau wala kumkasirikia. Lakini "inawezekana" siyo "ndivyo ilivyokuwa". Kutoka hapo hadi kusema John wenu ni mtoto wa mzee John kuna kazi, na kazi hiyo haifanywi kwa kufuata jina. Inafanywa kwa kufuata shamba.

Tuanze na sheria, kwa sababu ndiyo inayoeleza ukimya wa ule wosia. Sisi wa pwani tumezoea mirathi ya Kiislamu, ambayo mafungu yake yamekwisha kupangwa: mjane mwenye watoto thumuni, mtoto wa kiume fungu la mabinti wawili, na wosia hauvuki theluthi ya mali. Huko baba hawezi kumtoa mtoto kwa kalamu. Virginia ya enzi za mfalme ilifuata sheria ya Uingereza. Mtu akifa bila wosia, ardhi yake yote ilikwenda kwa mwanawe mkubwa wa kiume peke yake. Mali inayohamishika ndiyo iliyogawanywa kwa mjane na watoto wote: mifugo, vyombo, tumbaku iliyovunwa. Mjane alipata theluthi ya ardhi, lakini ya kuitumia maisha yake tu. Akifa, inarudi kwa mrithi. Virginia iliifuta sheria hiyo kwa sheria ya 1785 iliyoanza kufanya kazi mwanzoni mwa 1787. Mzee wenu alifariki 1772, kwa hiyo ilikuwa bado na nguvu zake zote.

Sasa mfikirie mzee mwenye mashamba mawili, anaumwa, karani au jirani anayejua kuandika amekaa pembeni ya kitanda. Mwanawe mkubwa ana miaka 31, ameshaoa, ana watoto. Shamba lolote asilolitaja kwenye wosia litakwenda kwa huyo mkubwa lenyewe, bila neno. Wanaohitaji wosia ni wale wadogo, ambao pasipo karatasi wangebaki bila hata ekari moja. Kwa hiyo akaandika kwa ajili yao. Wengine walifanya jambo la pili: mwana mkubwa alipooa, baba alimpa sehemu yake mapema kwa hati ya zawadi, ile inayosema ametoa kwa sababu ya "upendo wa asili" alio nao kwa mwanawe. Huyo naye hana haja ya kutajwa tena. Na wengine waliandika shilingi moja tu kwa mkubwa, jambo linalowafanya wasomaji wa leo kudhani kulikuwa na ugomvi, kumbe mara nyingi ilikuwa njia ya kusema huyu amekwisha kupata chake. (Kama ukoo ungekuwa wa Massachusetts au Pennsylvania ningekujibu tofauti kidogo, huko asiyeacha wosia, mkubwa alipata mafungu mawili na wengine fungu moja moja.)

Kwa hiyo ukimya wa wosia haumkatai John wenu. Ila haumthibitishi pia, na hapa ndipo watu wanapoteleza. Wakishajua sheria hii, kila John asiyetajwa wanamfanya kifungua mimba aliyerithi kimyakimya. Nami niliwahi kufanya hivyo, miaka ya mwanzo ya kazi hii. Nilimuunganisha mtu na baba ambaye hakuwa baba yake kwa sababu jina, kaunti na umri vililingana, nikawapa familia ile karatasi nzuri yenye vizazi saba. Ilipotokea hati moja ya ardhi iliyomtaja baba yake halisi, ilibidi nirudi kwa mama mmoja mzee nimwambie kwamba vizazi vinne vya juu si vyake. Tangu siku hiyo siunganishi mtu bila kuona mali ikipita mkononi.

Mali inapitaje mkononi? Twende taratibu, maana hii ndiyo roho ya jibu langu.

Chukua daftari. Ukurasa wa kwanza andika ardhi yote ambayo mzee John aliwahi kuipata: aliyopewa na serikali ya mfalme, aliyonunua kwa watu, tarehe, ekari, na kijito au mto uliopita hapo. Hati za kupewa ardhi na mfalme zipo Maktaba ya Virginia mjini Richmond, na picha zake zinasomeka mtandaoni. Hati za mauziano zipo kwenye vitabu vya karani wa mahakama ya kaunti. Ukurasa wa pili andika ardhi yote aliyoitoa akiwa hai: aliyouza, aliyogawa. Ukurasa wa tatu andika ardhi aliyoigawa kwenye wosia. Kisha toa. Tuseme alipata ekari 400 kwenye mto Banister na ekari 200 kwenye kijito cha jirani, hakuuza kitu, na wosia unagawa zile 400 tu kwa wanawe wawili. Ekari 200 zimekwenda wapi?

Hapo unageuka unamtazama John wenu. Fungua faharasa ya wauzaji na ya wanunuzi wa ardhi, miaka ya baada ya 1772. Ukikuta John na mkewe Elizabeth wanauza ekari 200 kwenye kijito kile kile, halafu ukatafuta ukurasa kwa ukurasa hati ya John kununua ekari hizo usiione, basi ardhi hiyo ameipata kwa njia nyingine, na njia ya karibu kuliko zote ni urithi. Na Mungu akikujalia, hati yenyewe itasema. Makarani wa siku zile walikuwa na desturi ya kuandika historia ya shamba ndani ya hati: shamba ambalo mfalme alimpa fulani mwaka fulani, naye akafa, nalo likashuka kwa mwanawe mkubwa na mrithi wake kisheria, ndiye anayeuza leo. Sentensi moja ya namna hiyo ina uzito kuliko miti mia ya mtandaoni. Usiishie kwenye ukurasa wa kwanza wa hati. Watu wengi wanasoma majina na bei, wanafunga. Sentensi unayoitafuta hukaa katikati, pale penye maelezo ya mipaka, mti wa mwaloni uliowekewa alama na jiwe la kona, mahali ambapo macho yanachoka.

Na mtazame vizuri Elizabeth kwenye hati hiyo. Kwa kuwa mke alikuwa na haki ya theluthi, mume hakuweza kuuza ardhi ikawa safi mpaka mke akubali. Alihojiwa faraghani, mbali na mumewe, aulizwe kama anaachia haki yake kwa hiari. Majibu yake yakaandikwa pamoja na hati. Kwako wewe mahojiano hayo yana faida kubwa, kwa sababu Biblia yenu haitaji shamba, na wosia hautaji Elizabeth. Hati ya mauzo ndiyo inayoweza kuwakutanisha: John wa Biblia kwa mkewe Elizabeth, na John wa shamba kwa ardhi ya mzee. Ukikosa kiungo kimoja kati ya hivyo viwili, bado huna ukoo.

Sasa, utafute wapi? Hapa kuna mtego wa Pittsylvania. Kaunti hiyo ilianza 1767. Kabla ya hapo eneo lile lilikuwa Halifax, tangu 1752. Kabla yake Lunenburg, tangu 1746. Na kabla yake Brunswick. Mtu aliyekaa kwenye nyumba ile ile, hakuhama hata hatua moja, karatasi zake zinaweza kuwa katika kaunti nne. Na 1777 upande wa magharibi ulikatwa ukawa Henry, kwa hiyo shamba la John laweza kuhamia huko bila John mwenyewe kuhama. Ndiyo maana anayesema "nimetafuta Pittsylvania sikuona" hajatafuta. Mna bahati lakini: vitabu vya Pittsylvania na Halifax vimesalia. Kaunti nyingine nyingi za Virginia zilipoteza vyao, nyingine kwa sababu zilivipeleka Richmond vikahifadhiwe wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, na Richmond ikaungua Aprili 1865.

Kuna pia kodi ya kichwa. Babu zetu waliijua kodi hiyo chini ya Waingereza, na Virginia nayo ilikuwa nayo: kila mwanamume kuanzia miaka 16, na kila mtumwa, mwanamume kwa mwanamke, kuanzia umri huo, alihesabiwa na mwenye nyumba akamlipia. Kijana asiyejitegemea aliandikwa chini ya jina la baba yake au la bwana anayemfanyia kazi. Orodha za Lunenburg za kuanzia 1748 zimesalia, na ya Pittsylvania ya 1767 pia. Zitakuonyesha wanaume wangapi wa jina la ukoo wenu walikuwepo eneo lile, na nani aliishi karibu na nani. Kuanzia 1782 Virginia ilianza orodha za kodi ya ardhi na ya mali kila mwaka, na hizo ni msaada mkubwa, kwa sababu sensa ya 1790 ya Virginia haipo tena. Hata ingekuwepo, sensa za mwanzo ziliandika jina la mkuu wa kaya tu. Mpaka 1850 ndipo kila mtu huru akaandikwa kwa jina lake.

Sasa tuje kwenye hofu yangu kubwa kuhusu kesi yenu: kwamba walikuwepo John watatu.

Jina John lilikuwa kama Juma au Hamisi kwetu. Ndugu watatu wa tumbo moja, kila mmoja akamwita mwanawe jina la babu, unapata John watatu binamu, umri mmoja, kaunti moja. Makarani waliwatofautisha kwa kuandika mkubwa na mdogo, yaani Senior na Junior, lakini karne ya 18 maneno hayo hayakumaanisha baba na mwana. Yalimaanisha John mwenye umri mkubwa na John mwenye umri mdogo wanaoishi jirani, wawe ami na mpwa, wawe binamu, wawe hawana undugu kabisa. Na mkubwa akifa, mdogo anapanda anakuwa mkubwa, na kijana aliyekuwa hana cheo anakuwa mdogo. Kwa hiyo "John mdogo" wa 1768 na "John mdogo" wa 1775 wanaweza kuwa watu wawili tofauti. Sina shaka kuwa nusu ya miti mibovu ya Virginia imezaliwa hapa.

Dawa yake ni alama. Wengi hawakujua kuandika, wakaweka alama badala ya saini, na si lazima iwe msalaba. Mmoja aliandika herufi ya kwanza ya jina lake kichwa chini. Mwingine mstari wenye mkato wa pembeni, kama chapa aliyopigia ng'ombe wake. Mtu akizoea alama yake huitumia maisha yote. Karani anaponakili hati kitabuni hujaribu kuichora katikati ya jina, "John, alama yake, fulani". Chora alama hizo kwenye daftari lako, kila moja na tarehe yake na ardhi yake. Ukiwa na John anayeandika jina lake kwa mkono mzuri na John mwenye alama ya herufi iliyopinduka, tayari umetenganisha watu wawili ambao faharasa imewachanganya. Angalia na majirani: mashahidi wa hati, wadhamini, wenye mashamba ya mpakani. Watu hawakusimama mashahidi kwa mgeni. John akifuatana na majina yale yale kumi miaka ishirini, majina hayo ndiyo sura yake.

Kuhusu maneno ya undugu, sisi Waswahili tuna haki ya kuelewa upesi kuliko Wamarekani wenyewe. Kwetu mtu anasema "baba" akimaanisha baba mdogo, "kaka" ni mtoto wa mama mkubwa, na mgeni akisikia anachora mti uliopinda. Kiingereza cha karne ya 18 kilikuwa na yake. "Cousin" angeweza kuwa mpwa. "Son-in-law" angeweza kuwa mtoto wa kambo, wala si mume wa binti. "Brother" angeweza kuwa shemeji. "Orphan" ni mtoto aliyefiwa na baba, hata kama mama yupo hai anampikia. Na "infant" kwenye karatasi za mahakama siyo mtoto mchanga. Ni yeyote ambaye hajafika miaka 21, hata kama ana ndevu. Ukisoma kwamba watoto watano wa Mary walikuwa "infants" 1772, maana yake walizaliwa 1751 au baadaye, karibu miaka kumi au zaidi baada ya John wenu. Hilo lingenifanya nifikirie kwamba Mary ni mke wa pili, na John ni wa mke wa kwanza aliyefariki. Lakini ni fikra tu, iandike kwa penseli.

Usiridhike na wosia peke yake. Wosia ni karatasi moja katika bunda. Baada ya mazishi, wosia ulipelekwa mahakamani, mashahidi wakaapa, siku hiyo ikaandikwa, kwa hiyo marehemu alikufa kati ya tarehe ya kuandika na tarehe ya kuapa. Msimamizi akatoa dhamana, na wadhamini wake mara nyingi ni ndugu wa mjane. Kisha majirani walioapishwa wakaenda nyumbani kuandika orodha ya mali na bei. Baadaye zikaja hesabu za msimamizi, nani alilipwa nini, na mara nyingine mnada, na mwisho mgawanyo. Watoto walioachwa wakapata walezi. Akifika miaka 14 yatima aliruhusiwa kumchagua mlezi wake mwenyewe, na chaguo hilo linakupa umri wake. John ambaye wosia haumtaji anaweza kutokea kwenye hesabu za 1775 akilipwa, au kwenye kitabu cha amri za mahakama akiitwa "heir at law", yaani mrithi kisheria. Maneno hayo matatu yakiwa mbele ya jina la John, mwambie binti kwamba swali lake limejibiwa.

Na warithi wakigombana, tafuta kesi. Virginia ilikuwa na kesi za haki zilizosikilizwa katika mahakama iitwayo chansari, na Maktaba ya Virginia ina faharasa yake mtandaoni, nyingi zikiwa na picha za karatasi zenyewe. Kesi hizo hutaja warithi wote, walio hai na waliokufa, walioolewa na waume zao, waliohamia Kentucky au Tennessee. Ugomvi wa ndugu ulikuwa msiba wao, lakini leo ndio unaotuambia nani alikuwa nani.

Dada, kuna jambo ambalo lazima nilizungumze nawe wazi, hasa kwa sababu ya binti yako. Utakapofungua orodha ya mali ya marehemu, utaona mstari mmoja umeandikwa kitanda cha manyoya na shuka zake, wa pili chungu cha chuma, wa tatu ng'ombe jike na ndama, na wa nne jina moja la mwanamke, halina ubini, na mtoto wake, na bei yao kwa pauni. Mwandiko ni ule ule, wino ule ule. Kalamu ya karani haikusita. Ukifika kwenye mgawanyo utaona mama amekwenda fungu la kwanza na mtoto fungu la tatu. Mimi nimezisoma orodha hizi miaka mingi na bado hapo huwa nasimama.

Kama mzee John alimiliki watu, naomba unakili majina yao yote, bei zao, na mtu gani alikwenda kwa mrithi gani. Kuna familia leo zinawatafuta. Watu waliobaki utumwani mpaka ulipofutwa hawakuandikwa kwa majina kwenye sensa ya kawaida mpaka 1870. Zile orodha za watumwa za 1850 na 1860 kwa kawaida zina umri, jinsia na rangi, jina ni la bwana. Nyuma ya hapo, karatasi za mirathi ya waliowamiliki ndizo karibu peke yake zinazobeba majina yao. Maktaba ya Virginia ina mradi uitwao Virginia Untold unaokusanya kumbukumbu za namna hiyo. Na kuna uzi unaogusa bahari yetu: kati ya 1719 na 1721 meli zilipeleka Virginia watu waliochukuliwa Madagascar. Hao walivuka Bahari ya Hindi kwanza, ndipo Atlantiki. Binti wa Tanga na Virginia ana haki ya kulijua hilo akiwa anasoma karatasi za ukoo wake.

Nirudi kwenye Biblia, ambayo nimeiacha makusudi mpaka sasa kwa sababu watu huipenda mno. Ifungue ukurasa wa jina la kitabu, utazame mwaka na mji ilipochapishwa. Wakati wa ukoloni Biblia za Kiingereza zililetwa kutoka Uingereza. Biblia nzima ya Kiingereza inayojulikana kuwa ya kwanza kuchapishwa Marekani ni ya Robert Aitken, Philadelphia, 1782. Kama yenu imechapishwa Marekani, basi tarehe ya 1741 haikuandikwa humo 1741. Mtu aliinakili, au aliikumbuka, au aliambiwa. Tazama mwandiko: kama vizazi vya miaka hamsini vimeandikwa kwa mkono mmoja na wino mmoja, viliandikwa siku moja. Haimaanishi ni uongo. Inamaanisha unamsikiliza mjukuu, humsikilizi babu.

Na hiyo 11 Februari ina kitendawili chake. Mpaka 1752 mwaka wa kisheria kwa Waingereza na makoloni yao ulianza 25 Machi, kwa hiyo Februari ilikuwa mwishoni mwa mwaka. Februari waliyoiita 1741 ndiyo tunayoiita 1742. Ndiyo maana utaona tarehe zimeandikwa 1741/2. Mwaka huo wa 1752 waliruka siku 11 pia. Walilala 2 Septemba wakaamka 14. George Washington alizaliwa 11 Februari 1731 kwa hesabu ya zamani, na sisi tunasema 22 Februari 1732. Mwaka mmoja unaweza kuwa mdogo, lakini ukitafuta John anafika lini miaka 16 kwenye kodi ya kichwa au 21 kwenye hati ya ardhi, unakuwa mkubwa.

Msiiache Biblia nyingine pia, ile ambayo haipo nyumbani. Wana wa John wenu, kama walipigana vita vya uhuru, waliweza kuomba pensheni chini ya sheria ya 1832. Waliulizwa kwa kiapo: ulizaliwa wapi na mwaka gani, una kumbukumbu ya umri wako, na iko wapi? Wengi walijibu iko kwenye Biblia ya baba. Wajane waliotakiwa kuthibitisha ndoa walichana kurasa zenyewe wakazituma Washington, na zipo mpaka leo ndani ya mafaili, Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka. Ukurasa wa 1770 uliotumwa miaka ya 1830 unaweza kuwa mkubwa wa kurasa zenu kwa umri.

Mtandao utumie, ila kwa kazi yake. Tovuti ya FamilySearch ni bure, unajiandikisha tu, na tangu 2024 ina namna ya kutafuta neno lolote ndani ya hati za zamani zilizoandikwa kwa mkono, siyo yaliyo kwenye faharasa pekee. Tafuta jina la kijito. Tafuta jina la jirani. Mashine hukosea kusoma, hasa ile s ndefu inayofanana na f, kwa hiyo ikikuletea kitu, fungua picha uisome kwa macho yako. Miti ya watu ichukulie kama fununu: muulize aliyeandika ameona hati gani, akikosa cha kukuonyesha mshukuru uendelee. Na kipimo cha DNA kinachofuata mstari wa baba kwa mwana kinaweza kusaidia mwishoni, mume wako akipimwa pamoja na mwanamume wa uzao wa wale wana wengine wa wosia. Kikikataa, kinasema hao wawili hawatoki mstari mmoja wa baba, ingawa hakikuambii mnyororo ulikatika kizazi gani. Kikikubali, kinasema ni ukoo mmoja tu; hakiwezi kukwambia kama mzee alikuwa baba yake au ami yake.

Wiki hii basi, fanya mambo mawili. Piga picha ukurasa wa mbele wa Biblia na kurasa zote za majina, pamoja na zile tupu, kwa mwanga wa pembeni ili mikwaruzo ya kalamu ionekane. Kisha usome tena ule wosia wa 1772, usitafute John safari hii. Hesabu ekari. Andika kila shamba lililotajwa na kijito chake, unitumie pamoja na orodha ya ardhi aliyoipata mzee. Na kama bunda la mirathi lina karatasi ya mnada, angalia nani alinunua Biblia.